Kikao cha Jumamosi

Ukishuka ziwani upande mmoja wa Musoma, kwenye ghuba ndogo ambayo sitaitaja, utakuta uwanja wa mpira wenye maji. Si maji ya mvua ya jana, ni maji yaliyozoea kukaa hapo. Pembeni kuna mabenchi ya saruji, bembea mbili, moja imebaki mnyororo tu, na kibao cha kijani kinachosema ni marufuku kukata mafunjo. Nyuma ya kibao hicho hakuna mafunjo ya kukatwa. Mchoro wa mahali hapo niliuchora mimi.

Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Nimewasikia wazee wa taaluma yangu ya mipango miji wakisimulia kazi zao, na katika masimulizi yao kila aliyeharibu ni mwingine: mwanasiasa, mkandarasi, bajeti. Mimi ningependa sana kuwa na mwanasiasa wa kumlaumu. Nimemtafuta miaka yote hii, sijampata.

Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya upimaji na michoro, ambayo sasa imeshafungwa. Tulipewa kazi ya kuchora eneo la wazi kwa ajili ya watu wa mtaa ule, na kazi ilikuja na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: burudani na hifadhi. Watu wapate pa kupumzikia, viumbe wa ziwa wapate pa kuishi. Niliyapenda maneno yale na bado nayapenda. Musoma imezungukwa na maji karibu pande zote, lakini mtu wa kawaida akitaka kukaa kando ya ziwa lake mwenyewe inabidi apenye katikati ya kuta za nyumba mbili za watu, au akanunue soda hotelini ili apewe kiti. Mama yangu mzazi alikuwa na sukari. Daktari alimwambia atembee kila jioni, naye akawa anatembea barabarani huku pikipiki zinampigia honi. Kwa hiyo sikuwa adui wa mabenchi wala bembea. Watu wa mjini nao ni viumbe.

Ghuba yenyewe niliijua kabla sijajua kusoma ramani. Miaka yote ya sekondari nilikaa kwa mama yangu mdogo, na yeye alikuwa anakata mafunjo pale. Walikuwa wanawake watano, wote wametoka vijiji vya ziwani upande wa Mugango wakaolewa mjini, na wote wanashika Sabato. Walikata mafunjo, wakayaanika, wakasuka majamvi ya kuanikia mihogo na dagaa, na mengine makubwa ya kuweka dari kwenye nyumba za bati ili joto lipungue. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye majamvi hayo, pamoja na viatu na kamusi. Ningetaka kuandika kwamba nililisahau hilo siku nilipochora. Sikulisahau hata kidogo.

Hawakukata ovyo wanawake wale. Mafunjo waliyagawa vipande, wakakata kimoja na kuacha viwili vikue. Mstari wa mwisho unaotazama ziwa hawakuugusa kabisa, waliuita ukuta, na walisema ukiukata mawimbi yataingia hadi jikoni kwako. Halafu kulikuwa na habari ya kamongo. Kamongo ni yule samaki mrefu wa matopeni anayevuta hewa kama sisi. Mvua zikianza, dume huchimba shimo katikati ya mizizi, jike akishataga huenda zake, dume akabaki kulinda mayai na makinda kwa wiki nyingi. Ana meno, na hana mzaha. Mwanamke akiona mapovu yanatoka mahali pamoja, au maji yanatikisika bila upepo, alishika vichwa viwili vya mafunjo, vile vyenye manyoya kama nywele, akavifunga pamoja. Fundo lile lilimaanisha hapa kuna mwenye nyumba, pita mbali. Hakuna aliyekata karibu na fundo mpaka vichwa vile vikauke na kuanguka vyenyewe.

Kilichonichekesha siku zile ni kwamba mama mdogo hakula kamongo. Imani yake ilimkataza samaki asiyeonekana magamba. Siku moja nikamuuliza anamlindia nini samaki asiyemla.

"Kwani yeye ananila mimi?" akasema. "Mimi nakataga mafunjo, yeye anakaaga kwenye mafunjo. Tunaishi."

Tulikwenda kupima wakati wa kiangazi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upogo. Ghuba ile ina sehemu mbili. Upande wa mawe kulikuwa na mafunjo marefu, mazito, meupe kwa ndege yangeyange asubuhi, yakionekana vizuri kutoka barabarani. Upande wa pili kulikuwa na bonde. Wakati wa kiangazi bonde lile lilionekana kama kiwanja kilichosahauliwa: nyasi fupi, vichaka vichache vya mafunjo, njia ya ng'ombe, udongo uliopasuka. Mgeni angesema hapa ndipo pa kuweka uwanja wa mpira. Mwenyeji alijua kwamba mvua zikija ziwa linaingia kwenye bonde lile, linatanda taratibu, na kutoka hapo maji yanapenya kwenda kuyanywesha mafunjo marefu. Wanawake walikata kwenye mafunjo marefu. Kamongo wengi walizaa bondeni.

Sheria inataka mita sitini kutoka ukingo wa maji ziachwe bila kujengwa. Ukingo wa maji ni maneno mazuri sana kwenye karatasi. Tulipima kutoka maji ya siku ile, maji ya kiangazi, yaliyokuwa mbali kabisa, na bonde lote likabaki nje ya mita sitini, kavu, halali, linatungoja. Vijana wangu wa kupima walipokuwa wakichomeka vigingi, mmoja akaona kwenye kichaka cha mafunjo vichwa viwili vimefungwa pamoja, vimekauka lakini bado vimesimama. Mbele kidogo akaona vingine, halafu vingine. Akaniuliza ni nini.

"Watoto wanachezea," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua, kwa kweli. Kama ningesema ukweli ningelazimika kuhamisha uwanja wa mpira, na mchoro ulikuwa umeshakaa vizuri kichwani mwangu. Upande wa mawe niliupaka kijani, hifadhi, asiguse mtu. Upande wa bonde niliupaka njano, burudani. Katikati nikapitisha njia ya kutembea ya udongo wa moramu, kwa ajili ya watu kama mama yangu. Ulikuwa nusu kwa nusu, hata ukipima kwa rula. Ofisini walinipongeza, mkubwa wangu akasema hii ndiyo mizani, kila mtu kapata chake. Nami nikafurahi kama mwanafunzi aliyepata alama zote kwenye mtihani aliouona usiku wa jana.

Kilichokuwa kimebaki ni kikao cha wadau. Bila kikao, bila muhtasari na karatasi ya mahudhurio yenye saini, mchoro haupiti. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mwislamu mpole mwenye kofia safi, mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Alipendekeza Jumapili mchana, au siku yoyote ya kazi baada ya alasiri. Mimi nikasema Jumamosi saa nne asubuhi.

"Jumamosi wale mama wa mafunjo wanakuwaga kanisani, injinia," akasema. Aliniita injinia ingawa nilishamwambia mara nyingi mimi si injinia.

"Wengine watakuja."

"Wale wote ni Sabato."

"Tuna ratiba, mwenyekiti."

Akanitazama kidogo, akasema basi, kazi ni yangu, yeye ataita watu.

Ratiba gani? Hapakuwa na ratiba. Kulikuwa na kikao cha mtaa mwingine, mwezi mmoja kabla, ambako bibi mmoja alisimama akauliza maswali mpaka saa nane mchana, na mchoro ukarudi ofisini umejaa kalamu nyekundu. Sikutaka hilo lijirudie. Lakini si hilo tu, na kwa kuwa nimeamua kuandika, nitaandika lote. Nilimwogopa mama mdogo asimame mbele za watu. Nilimwona kabisa akilini, na kanga yake ya kazi yenye madoa ya tope, akisema kwa Kiswahili chake kile, mwanangu, unalijua hili bonde, waambie. Nami ningefanya nini? Ningemkubalia, wenzangu wangesema napanga mji kwa kufuata ukoo wangu. Ningemkatalia, ningemkatalia mwanamke aliyenilipia shule mbele ya mtaa mzima. Kwa hiyo nikatafuta siku ambayo asingeweza kuwepo, na hakuna mtu aliyeijua siku hiyo vizuri kuliko mimi. Nililelewa katika nyumba ambayo Ijumaa jua likizama hata jiko halikuwashwa.

Kikao kilikwenda vizuri mno. Walikuja vijana wa timu ya mpira, waendesha bodaboda, wenye maduka, wavuvi wachache, kinamama waliotaka mahali pa watoto kucheza. Walikuwa watu wazuri wenye haja za kweli, nisiwasingizie. Nilipokuwa nasoma ramani, kuimba kwa kanisani kulikuwa kunasikika kutoka mtaa wa juu, na mara mbili nilitambua wimbo. Mvuvi mmoja aliuliza maji ya masika yatakwenda wapi. Nikamwonyesha mstari wa bluu kwenye ramani, nikasema huu ni mtaro. Akakaa. Kijana mmoja akauliza magoli yatatazama wapi, kwa sababu jua la jioni linamuumiza kipa. Hilo tulilijadili kwa robo saa. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanakunywa soda na kutia saini. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilihakikisha kwanza hawapo.

Greda likaja. Bonde likajazwa moramu, likashindiliwa, likawa uwanja. Sitasema uwongo, siku za mwanzo palipendeza. Jioni moja nilimpeleka mama yangu mzazi akatembea kwenye ile njia, polepole, ameshika mkono wangu, akakaa kwenye benchi akatazama ziwa, akasema sasa hii ndiyo kazi uliyosomea. Maharusi walikuja kupiga picha. Watoto walipanga foleni kwenye bembea. Ningekufa mwezi ule, ningekufa nimeridhika.

Kibao cha kijani kilipowekwa, mama mdogo alikuja kwangu. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kuelewa.

"Hata tukikata kidogo? Kile kipande cha kwetu tu?"

"Ni hifadhi sasa, mama. Hakuna ruhusa ya kukata."

"Sisi ndio tulikuwa tunayatunza."

"Najua."

"Kwani mliongea nini kwenye kile kikao?"

"Walipitisha," nikasema.

Walipitisha. Nilisema kana kwamba mimi nilikuwa nimekaa nje nikichunga viatu vyao. Mama mdogo akaweka mkono wake begani pangu akasema pole, mwanangu, najua imekuuma. Nikaipokea pole ile. Hata nikasema asante.

Masika ya kwanza ziwa lilipanda kama kawaida yake, likaja kutafuta bonde lake, likakuta uwanja. Maji hayana kikao. Yakazunguka, mengine yakaingia uani kwa watu, mengine yakakaa kati ya magoli mpaka kiangazi. Mtaro wa bluu ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa unayapeleka maji ziwani moja kwa moja, haraka, yasipite kwenye mafunjo. Upande wa mawe ukaanza kukauka kutoka nyuma kwenda mbele. Na kwa kuwa hakuna aliyekata, mafunjo ya zamani yakaanguka juu ya mapya, yakalala, yakarundikana makavu kufika kiunoni. Nilikuwa sijui kwamba kukata kwa wale wanawake ndiko kulikoyafanya yawe mabichi. Ningeweza kuuliza. Nilikuwa nimekula kwenye sahani moja na mtu anayejua.

Kiangazi cha pili, Jumapili moja, watu walikuwa wanachoma samaki karibu na mabenchi. Mtu akamwaga makaa nyuma ya kibao. Moto uliwaka mpaka kesho yake. Wavuvi walisema waliona kenge na nyoka wakikimbilia majini, na ndege kwera wanazunguka juu ya viota wasijue pa kutua. Baada ya hapo mbuzi wakaingia, halafu mtu akalima sukuma wiki, halafu chupa za plastiki. Wavuvi wa ndoano wanaopita pale wameniambia hawapati tena kamongo wadogo kwenye ghuba ile. Sina takwimu za kuthibitisha. Nina masikio tu, na jioni za masika zamani vyura wa pale walikuwa wanapiga kelele mpaka unafunga dirisha. Nimekwenda mara tatu wakati wa masika kusikiliza. Pako kimya kama ofisi ya serikali saa tisa na nusu.

Wale wanawake watano walijaribu kwenda mbali zaidi, kwenye mafunjo ya upande wa Mugango, lakini kule nako kulikuwa na wenyewe, na mwendo ulikuwa mrefu. Mmoja mmoja wakaacha. Mama mdogo alishindwa na goti. Mwanawe mkubwa akamchukua, akampeleka kwake Butiama, juu huko kwenye mashamba, njia ya kwenda Mwitongo. Mtu aliyezaliwa anasikia mawimbi akaenda kuzeekea mahali ambapo maji yako kwenye ndoo. Alipokuwa anapandisha vitu vyake garini nilikuwepo, nikabeba beseni na kiti. Hakulalamika.

Mimi nilihamia Bunda, nikawa nafanya kazi za kujitegemea. Mwaka huu nimepewa mchoro mwingine wa eneo la wazi, kijito kilichobaki pembeni ya mji, mahali wafugaji wanaotoka upande wa Mugeta wananywesha ng'ombe wao siku ya mnada. Tena maneno yale yale mawili, burudani na hifadhi. Ninayefanya naye kazi ni binti aliyemaliza chuo juzi juzi, hodari, anachora kwa kompyuta vitu ambavyo mimi nilichora kwa jasho. Tulipofika kwenye suala la kupanga kikao, akafungua kalenda.

"Tuweke siku ya mnada," akasema. "Watu wa mjini watakuwa na nafasi, na wafugaji watakuwa bize na ng'ombe, hawatatuchelewesha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga usafiri. Nikamwambia hapana, kwa sauti ambayo ilimshtua, nikatoka nje nikasimama juani. Akanifuata kuniuliza amekosea nini. Ningemwambiaje? Nilimwomba tu atafute siku ambayo wafugaji watakuwa wamekaa chini. Jumapili iliyofuata nikapanda gari mpaka Makutano, nikachukua pikipiki kwenda Butiama.

Nilimkuta mama mdogo uani, amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Turubai la bluu lilikuwa limetandikwa juani, juu yake mihogo ya jana inakauka. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Bunda, za watoto, za mgongo wangu. Nikachukua kisu nikakaa chini, nikamenya pamoja naye, kwa sababu sikutaka kusema nikiwa nimekaa mikono mitupu kama mgeni. Tulimaliza kama robo ya gunia kabla sijapata ujasiri.

"Mama, kile kikao cha ghuba. Mimi ndiye niliyepanga kiwe Jumamosi."

"Si ndiyo siku watu wa ofisi wanakuwaga na nafasi."

"Si wao. Ni mimi. Mwenyekiti aliniambia mtakuwa kanisani, nikasema iwe hiyo hiyo. Nilitaka msiwepo."

Aliendelea kumenya muhogo ule mpaka mwisho, akautia kwenye beseni la maji. Akachukua mwingine, hakuumenya.

"Ile Ijumaa yake," akasema, "jua halijazama, alikuja yule jirani yetu muuza samaki. Yule Mkatoliki, mwenye sauti. Akasema, nyinyi kesho hamtoki, nipeni maneno yenu niwapelekee, mimi siogopi watu. Tukakaa wote watano. Yule mkubwa wetu kwa umri akasema tumpe. Mimi ndiye nilikataa. Nikasema tusimsumbue mama wa watu, tuna mtoto wetu pale. Nimemlea mwenyewe, anajua mpaka fundo."

Nilikuwa nimeacha kumenya. Miaka yote nilijua nimewafungia mlango. Sikujua kwamba walikuwa na mlango mwingine, na kwamba waliufunga wenyewe kwa sababu yangu.

"Ulisema nini pale?" akaniuliza.

"Nilisoma ramani."

"Baada ya ramani."

"Sikusema kitu, mama."

"Hata ile ya kamongo?"

"Hata hiyo."

Akautazama muhogo mkononi, akaurudisha kwenye rundo. Alipoanza tena kusema hakuwa ananitazama.

"Ile siku uliniambia walipitisha, nikajua wamekushinda. Nikaenda kuwaambia wenzangu, alitusemea, wamemshinda wakubwa. Watatu wakaitika, hata yule muuza samaki akaitika. Yule mkubwa wetu ndiye alikataa. Akasema, mtoto wako ametuuza. Mbele za watu. Mimi nikamnyima salamu."

"Mama."

"Ngoja. Tulikuwa tunaimba kwaya moja. Tulikuwa tunakaaga benchi moja, Sabato mpaka Sabato, simsalimu. Akiumwa siendi. Mtoto wake akiolewa siendi. Alinitumia watu mara mbili, nikasema akiondoa lile neno nitakuja. Hakuliondoa. Tukamzika, sikutoa hata chozi. Nikasema moyoni, umekufa na uwongo wako."

Nikapiga magoti pale kwenye maganda, mtu mzima wa miaka yangu, nikamwomba anisamehe. Sikuwa nimepanga kupiga magoti. Nililia pia, na si kwa adabu.

"Mimi nimekusamehe," akasema, akanishika kichwani kama alivyokuwa anafanya nikitoka shule na alama mbaya. "Wewe ni mtoto wangu, hiyo si kazi. Inuka."

Nikainuka. Akaosha mikono kwenye beseni, akajifuta kwa kanga, akatazama njia inayoshuka kuelekea barabara kubwa.

"Watoto wa marehemu wako Mugango," akasema. "Utanipeleka. Na tukifika utasema wewe. Mimi nimeshakusemea vya kutosha."